Prosesa Yatima

Tarehe 6 Juni 2005, Steve Jobs alipanda jukwaani San Francisco mbele ya waandishi wa programu akawaambia kwamba Apple inaachana na prosesa za PowerPC na kuhamia Intel. Januari 2006 Mac za kwanza za Intel zikaingia sokoni. Kwa waliokuwa ukumbini hiyo ilikuwa habari ya biashara. Kwa sisi tuliokuwa Dar es Salaam tukitengeneza kadi za harusi na kalenda kwa Mac zilizokwisha kutumika Ulaya, ilikuwa hukumu iliyochelewa kusomwa. Ilitufikia miaka kadhaa baadaye, vipande vipande: programu hii haiji tena kwenu, kivinjari kile kimeishia hapa, mfumo mpya hauingii.

Ofisi yetu ilikuwa na Mac mini ya toleo la kwanza kabisa, lililotoka Januari ya mwaka uleule wa tangazo. Ni kiboksi cha sentimita 16.5 kila upande, kimo chake sentimita 5, hakina kioo wala kibodi. Marekani kiliuzwa kuanzia dola 499. Ndani kina prosesa ya G4 ya gigahezi 1.42, diski ndogo ya aina inayowekwa kwenye laptopu, na nafasi moja tu ya RAM isiyopokea zaidi ya gigabaiti 1. Kukifungua hakuna skrubu. Unaingiza skrepa nyembamba ya fundi rangi pembezoni, unakibanjua taratibu huku vishikizo vya plastiki vikilia ta, ta, ta. Fundi mmoja wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, aliponifungulia mara ya kwanza nilikuwa na uhakika kwamba amekivunja. Akanitazama kwa huruma akaendelea kubanjua.

Agosti 2009 Apple walitoa Snow Leopard, mfumo wao wa kwanza uliozikataa kabisa mashine za PowerPC. Mwenye ofisi, ambaye sote tulimwita Mama, akanunua Mac ya Intel. Kile kiboksi kikabaki pembeni ya meza kikishika vumbi na bahasha.

"Chukua hiyo, mwanangu. Hapa inanilia nafasi ya meza tu."

"Ahsante, Mama. Ila nitairudisha hapahapa, iwe inafanya kazi."

"Irudi. Lakini isije ikanidai kitu."

Sharti hilo la Mama, kwamba mashine isidai kitu, ndilo lililoongoza kila nilichofanya baadaye. Kununua programu mpya haikuwezekana. Hata ningekuwa na hela, hakuna aliyekuwa akiuza. Nikiiacha na Leopard, mfumo wa mwisho ulioikubali, nilijua itafika siku haitafungua hata barua pepe. Siku hiyo haikuchelewa: Firefox 4 ilipotoka Machi 2011, ilitoka bila PowerPC. Kulikuwa na mtu mmoja huko Marekani, Cameron Kaiser, aliyeamua kuendelea kuzitengenezea Mac hizo Firefox kwa jina la TenFourFox, na akaifanya kazi hiyo kwa miaka kumi. Nitarudi kwa watu wa aina yake, maana wao ndio hadithi yenyewe.

Kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa MorphOS, mfumo uliozaliwa kwa wapenzi wa kompyuta za Amiga waliogoma kuiacha ndoto yao ife. Toleo la 2.4, la mwaka 2009, lilikuwa la kwanza kuikubali Mac mini. Niliujaribu, na mpaka leo sijaona kompyuta iliyowaka upesi kama ile. Madirisha yalifunguka kabla kidole hakijatoka kwenye mausi. Lakini mfumo huo unauzwa, na usipoulipia unakuachia nusu saa kila unapowasha, kisha unaanza kujikokota kwa makusudi. Halafu hauna ukuta kati ya kumbukumbu ya programu moja na nyingine, kwa hiyo moja ikiharibika inaweza kuangusha zote. Kwa ofisi inayosubiriwa na bwana harusi, hapana. Njia ya pili ilikuwa mifumo ya ukoo wa BSD, ambayo wakati huo niliiogopa. Ya tatu ilikuwa Linux.

Linux kwenye Mac za PowerPC haikuwa jambo la wahuni wachache. Mwaka 1996 Apple wenyewe walishiriki kutengeneza MkLinux. Kampuni ya Terra Soft ya Colorado iliishi kwa kuuza Yellow Dog Linux, mfumo uliotengenezwa mahususi kwa prosesa hizo. Ubuntu ilipozaliwa Oktoba 2004 ilitoka na toleo la PowerPC tangu siku ya kwanza, na kwa miaka kadhaa walikuwa wakikutumia CD bure hadi kwenye sanduku lako la posta. Hata Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mwaka 2005 alikuwa akifanyia kazi zake kwenye Power Mac G5 yenye prosesa mbili. Nikajiambia kwamba kama mwenye Linux anaitumia, mimi nitaogopa nini. Sikuuliza kama bado anaitumia. Alikuwa amekwisha kurudi kwenye kompyuta za kawaida.

Kati ya mifumo ya Linux nilichagua Debian, kwa sababu moja ya kifundi na moja ya kimaskini. Ya kifundi ni kwamba Debian walikuwa wakitoa mfumo uleule, programu zilezile, kwa prosesa za namna nyingi kwa wakati mmoja. Ya kimaskini ni kwamba diski yao ndogo ya kuanzia ilikuwa chini ya megabaiti 200. Kebo ya SEACOM ilikuwa imefika Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009, baada ya miaka yote ya kutegemea setilaiti, lakini kebo kufika pwani na intaneti kufika mezani kwako ni mambo mawili. Usiku ndio ulikuwa wakati wa kushusha faili, ukiomba umeme usikatike.

Kuisimika kulinifundisha zaidi ya nilivyofundishwa darasani. Ukiwasha Mac ya PowerPC huku umebonyeza vitufe vinne kwa pamoja, Command, Option, O na F, hupati picha ya tufaha. Unapata ukurasa mweupe wenye maandishi meusi na alama ya sifuri ikikungoja. Hiyo ndiyo Open Firmware, programu inayoamka kabla ya mfumo wowote. Imeandikwa kwa lugha ya Forth, na unaweza kuzungumza nayo: andika 2 3 + kisha nukta, itakujibu 5. Ni kitu kidogo, lakini kwa kijana aliyezoea kompyuta zinazoficha kila kitu nyuma ya picha, kuona mashine inafanya hesabu kabla haijapewa mfumo wowote kulinifanya nikae pale kwa muda mrefu nikiichezea kama mtoto. Kibodi niliyokuwa nayo ilikuwa ya Windows, ikanibidi nijifunze kwamba kitufe cha Windows ndicho Command na Alt ndiyo Option. CD nayo ilipogoma kutoka, maana mashine ile haina kitufe cha kuitolea, nikajua kwamba unashikilia kitufe cha mausi wakati inawaka.

Baada ya hapo unatenga sehemu ndogo ya diski kwa ajili ya yaboot, programu inayoita Linux. Sehemu hiyo lazima iwe ya umbo ambalo Open Firmware inalitambua, la sivyo mashine itakuonyesha folda yenye alama ya kuuliza na haitasema zaidi. Wi-Fi ilitaka kijiprogramu ambacho kampuni iliyotengeneza kadi haikuruhusu kigawiwe, ikabidi ukichomoe mwenyewe kutoka kwenye draiva nyingine. Tulikuwa na waya wa mtandao. Nilitumia waya.

Ilipowaka na kutulia, nikairudisha ofisini kama nilivyoahidi. Mama akaiangalia, akauliza kama Word ipo. Nikamwonyesha OpenOffice. Akafungua barua moja ya mteja, akaipitia hadi mwisho, akasema, "Haya, ikae pale," akimaanisha meza ya kupokelea wateja. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba alikuwa ameipeleka mahali ambapo itafaa kuliko kompyuta zote za ofisi.

Miaka ile flashi za wateja zilibeba virusi kuliko nyaraka. Mtu anakuja na ratiba ya mazishi ya baba yake ndani ya flashi iliyozunguka internet kafe za mji mzima. Ukiichomeka kwenye Windows, faili la autorun.inf linaamka lenyewe, folda zake halisi zinafichwa, na mahali pake panatokea vijifaili vyenye sura ya folda. Mteja anabonyeza, anaambukiza kompyuta yako, kisha anakulaumu kwamba umempotezea kazi. Kwenye Mac mini yenye Debian virusi vile vilionekana vilivyo. Vilikuwa mafaili ya .exe yaliyoandikwa kwa ajili ya Windows na prosesa ya Intel. Kiboksi chetu hakikuwa na kimojawapo. Yalikaa pale kwenye orodha, yanahesabika, yanafutika. Folda zilizofichwa nazo zilionekana wazi, na nimeshuhudia mtu mzima akishika kichwa kwa furaha alipoiona tena tasnifu yake.

Sifa ikaenea. Watu wakawa wanakuja kuulizia "ile ndogo inayofufua flashi". Mama, mfanyabiashara wa kweli, akaweka bei.

Hapo kuna jambo ambalo wauzaji wa mifumo mbadala huwa wanalikosea. Wanakuambia Linux ni salama. Usalama ule mwingi haukutokana na ubora wa Linux, ulitokana na uchache wetu. Hakuna mwandishi wa virusi aliyekuwa na haja ya kuandika kwa ajili ya prosesa iliyoachwa na mwenyewe. Na sababu hiyohiyo, uchache, ndiyo iliyotubana kila upande mwingine. Kwa muda sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Niliyaunganisha tuliponunua printa.

Boksi la printa ile, ambayo sitaitaja kampuni yake, lilikuwa na neno Linux pamoja na majina mengine ya mifumo. Nililisoma dukani nikafurahi. Tulipofika ofisini tukakuta ni kweli inakubali Linux, ila Linux ya Intel. Draiva yao ilitolewa ikiwa imekwisha kugeuzwa kuwa lugha ya prosesa ya Intel, na msimbo wenyewe, yale maandishi ambayo mtu angeweza kuyageuza upya kwa ajili ya prosesa nyingine, walibaki nao. Kwa mashine yetu draiva hiyo ilikuwa sawa na vile virusi vya flashi: faili limelala, halina wa kuliendesha. Printa ya zamani ya HP, iliyokuwa kuukuu na yenye kelele, iliendelea kuchapa bila wasiwasi kwa kuwa HP wanatoa msimbo wa draiva zao nyingi, na Debian wakaugeuza kwa kila prosesa waliyoitegemeza. Flash Player ya Adobe ilikuwa vilevile. Ilikuwepo ya Linux, haikuwahi kuwepo ya Linux ya PowerPC, na enzi hizo video nyingi za mtandaoni zilikuwa ndani ya Flash. Vijana wa ofisini wakaidharau mashine kwa hilo. Mama akasema ni heri, watafanya kazi.

Tangu siku ya printa niliacha kuuliza duka lolote kama kitu kinakubali Linux. Nauliza msimbo uko wapi. Wauzaji wengi wa Kariakoo hawalijui jibu na hilo si kosa lao, lakini unaweza kulitafuta mwenyewe kabla ya kutoa hela, na kulitafuta ni kazi ya dakika chache.

Hata msimbo ukiwepo, bado. Kuna tofauti moja ya prosesa hizi ambayo ilinichukua muda kuielewa, nayo ni namna zinavyopanga namba kwenye kumbukumbu. Namba kubwa haienei kwenye baiti moja, inagawanywa kwenye baiti kadhaa. PowerPC ya Mac huanza na kipande kikubwa, kama mtu anayeandika tarehe kwa kutanguliza mwaka. Intel huanza na kipande kidogo, kama anayetanguliza siku. Kila moja ni sahihi kwake. Tatizo linakuja pale mwandishi wa programu anapoandika kana kwamba dunia nzima hutanguliza siku. Programu yake itageuzwa kwa PowerPC bila malalamiko, itafunguka, kisha itasoma vitu kinyumenyume. Kuna toleo moja la kivinjari lililotuletea nyuso za watu zikiwa za samawati, kwa sababu rangi nyekundu na ya samawati zilibadilishana nafasi. Fikiria unamwonyesha bibi harusi picha yake katika hali hiyo.

Niliandika taarifa ya hitilafu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nikaituma Debian. Nilijibiwa na mtu ambaye naye alikuwa na Mac ya PowerPC, akaniomba nijaribu rekebisho fulani. Nikajaribu, nikamrudishia majibu, na baada ya muda nyuso zikarudi rangi zake. Huyo bwana hakuwa mwajiriwa wa kampuni yoyote ya kutuhudumia. Alikuwa na mashine kama yangu na nyuso zake pia zilikuwa za samawati. Hiyo ndiyo ilikuwa huduma kwa wateja ya dunia yetu: kila mtu akitengeneza kinachomuuma, na wengine tukinufaika kwa kuwa tuliumwa mahali palepale.

Kwenye mgao wa umeme wa mwaka 2011 mashine ile ilipata heshima ya pili. Adapta yake ni ya wati 85, na inapofanya kazi za kawaida haifiki hata nusu ya hapo, kwa hiyo inveta yetu ndogo iliibeba wakati kompyuta kubwa zimezimwa. Kulikuwa na kero moja, betri ndogo ya saa, ile ya mviringo. Ilipokufa, kila umeme ukikatika mashine iliamka ikiamini kwamba tuko miaka mingi nyuma. Diski ikawa inalalamika kwamba mara ya mwisho ilitumika wakati ujao, na tovuti salama zikagoma kufunguka kwa kuwa vyeti vyake, kwa mujibu wa saa ile, vilikuwa bado havijaanza kutumika. Nilipoteza muda mwingi nikichunguza mtandao, na tiba ilikuwa betri ya CR2032 ya duka la mtaani.

Kisha watu wakaanza kupungua.

Hapakuwa na tangazo jukwaani safari hii. Ubuntu walikuwa wamekwisha kuitoa PowerPC kwenye orodha rasmi tangu mwaka 2007, wakaiacha mikononi mwa wanaojitolea. Yellow Dog ikanunuliwa na kampuni ya Kijapani ikafifia. Kwenye orodha za majadiliano majina niliyoyazoea yakaaga moja moja, kwa maneno yanayofanana: nimenunua mashine nyingine, ile imehamia kwa ndugu, nawatakia heri. Debian 8, iliyotoka Aprili 2015, ilikuwa ya mwisho kuitegemeza PowerPC ya biti 32 kirasmi. Debian 9 ilipokuja Juni 2017, haikuwemo. Sababu ilielezwa wazi: hapakuwa na watu wa kutosha wa kubeba jukumu. Mfumo wa namna hii unahitaji mashine za kugeuza maelfu ya programu kila zinapobadilika, na watu wa kuangalia zilizokwama na kuzikwamua. Msimbo wote ulikuwa palepale, wazi, huru, bure. Mikono ndiyo ilikosekana.

Hilo lilinibadilisha mawazo zaidi ya lolote. Miaka yote nilikuwa nimeamini, na kuwahubiria wenzangu, kwamba msimbo ukiwa wazi programu haifi. Ni imani nzuri, ila ina nusu ya ukweli. Msimbo ulio wazi unakupa ruhusa ya kuiendeleza mashine yako. Haukupi muda, haukupi maarifa, wala haukuletei mtu wa pili wa kusaidiana naye. TenFourFox nayo, iliyosimama kwa miaka kumi juu ya mtu mmoja, ilifika ukingoni mwaka 2021. Simlaumu. Nashangaa alivyoweza.

Na ukitaka kuona jambo hilohilo karibu na nyumbani, angalia programu za Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyo katika Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Kazi ile ilifanywa kwa uangalifu na ilistahili kuendelezwa na kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi. Lakini programu haingojei mtafsiri. Kila toleo jipya linakuja na menyu mpya, na tafsiri isiyoguswa inachakaa kimyakimya, hadi unafungua dirisha moja na kukuta nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Lugha yetu ina wasemaji wengi mno kuitwa ndogo, lakini kwenye orodha za watafsiri tuko wachache kama wenye Mac za PowerPC. Tofauti ni kwamba Mac hizo hazitengenezwi tena na wasemaji wa Kiswahili wanazaliwa kila siku, kwa hiyo udhuru wetu ni mdogo zaidi.

Kuna habari njema ndogo hapo. Orodha ya maneno ya kukagua tahajia ya Kiswahili ni maandishi tu. Haijali Intel wala PowerPC, haijali nani anatanguliza mwaka na nani siku. Niliiweka kwenye kiboksi chetu ikafanya kazi mara moja, na ikatupunguzia aibu nyingi za kuchapa "mwaliko" ukiwa na herufi zilizorukwa. Kazi zetu tulizozihifadhi kama PDF na maandishi ya kawaida zilihama kutoka mashine hadi mashine bila kuguswa. Zile zilizofungiwa ndani ya programu ya kupangia kurasa ya zamani, iliyolipiwa kwa hela nyingi enzi za Mac za kwanza, zimekufa nayo.

Mac mini yenyewe haijafa. Nilipoona Debian wamefunga mlango nilirudi kwenye njia ya pili, ile niliyoiogopa, nikaweka OpenBSD. Hawa bado wanatoa toleo la Mac za PowerPC, karibu kila miezi sita, pamoja na matoleo ya prosesa nyingine zisizo na wateja. Wana sababu ya kibinafsi: prosesa ya ajabu hufichua makosa ya uandishi ambayo Intel huyavumilia, ikiwemo yale ya mpangilio wa baiti. Kwao mashine yetu ni kifaa cha kupimia. Sijali wanaiita nini, mradi wanaitumia, kwa sababu nimekwisha kujifunza kwamba mfumo unaotumiwa na watengenezaji wenyewe ndio unaodumu. Kazi yake sasa ni kutunza nakala za kazi za wateja na kutoa saa kwa kompyuta nyingine za ofisini. Kivinjari sikiweki. Kurasa za siku hizi zingeiua kwa uzito, na gigabaiti 1 ni gigabaiti 1.

Naandika haya kwa sababu hukumu ile ya mwaka 2005 sasa inasomwa kwa watu wengi zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa, zile tunazozinunua mitumba na zilizojaa kwenye shule na ofisi za kata, hazikubaliwi na Windows 11. Wauzaji watawaambia zimekufa. Nyingi ni za Intel au AMD ya biti 64, yaani ziko upande wenye watu wengi, na Debian au Ubuntu itazichukua bila tabu zozote nilizozieleza hapa. Za biti 32 zina hali nyingine: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haisimikwi tena juu yake, kwa hiyo msinunue hizo hata mkiuziwa kwa bei ya karanga. Kabla ya kulipa, ulizeni prosesa ni ya biti ngapi. Angalieni kama draiva ya printa yenu ina msimbo wazi. Mkishasimika mfumo na kukuta kitu kimegoma, kiandikieni ripoti badala ya kukizoea, hata kwa Kiingereza cha kuungaunga kama changu. Upande wa pili yupo mtu anayeisubiri. Na mwenye jioni moja ya ziada kwa wiki, tafsiri ya Kiswahili ya LibreOffice inahitaji mikono.